Uzi: Mayungiyungi ya ndani wakati wa baridi. Rekebisha mwanga kwanza, mbolea ije baadaye

#1 Bustani ya Dirishani (Stockholm)

Wakuu, habari za humu.

Kila ikiingia Novemba napata ujumbe unaofanana kutoka kwa ndugu zetu walioko huku kwenye baridi, wa Ulaya na wa Marekani. Mtu amenunua matunguu ya mayungiyungi, ameyapanda kwenye chungu, ameyaweka dirishani sebuleni, na yameota vizuri tu. Baada ya muda shina linarefuka na kuinamia kioo, majani ya chini yanageuka manjano, na vitumba vilivyokuwa vimeanza kuonekana vinapauka na kudondoka. Swali linalofuata ni lilelile: nitie mbolea gani?

Nimeona nifungue uzi kuliko kumjibu mmoja mmoja. Nafanya kazi kwenye kitalu nyumba cha maua nje kidogo ya mji, na mayungiyungi ndiyo maua ninayoyapenda kuliko yote, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha maneno.

Msimamo wangu ni huu: wakati wa baridi, mbolea inaufuata mwanga. Mmea hujipikia chakula chake kwa mwanga. Mbolea ni madini ya kujengea tu. Mwanga ukiwa haba halafu ukazidisha mbolea, umempelekea fundi saruji na nondo kwenye kiwanja ambacho hakina maji wala vibarua. Vitu vinarundikana. Kwenye chungu kinachorundikana ni chumvi, na mayungiyungi hayaivumilii chumvi, mizizi yake inaungua mapema.

Niweke wazi nazungumzia yungiyungi lipi. Ni lile linaloota kutoka kwenye tunguu la magamba magamba, shina moja limesimama, majani yanalizunguka, maua yanakaa juu. Kuna ya jamii ya Asia, yanayowahi kuchanua na ambayo kwa kawaida hayanukii. Kuna ya jamii ya Mashariki, kama Star Gazer, ambayo likifunguka ua moja tu nyumba nzima inajua. Na kuna yale meupe ya Pasaka. Ule mmea wa majani mapana wenye ua jeupe lililojikunja, unaouzwa madukani kwa jina linalofanana, ni ukoo mwingine kabisa na haya ninayoyasema hayauhusu.

Mwanga

Hapa Stockholm, kwenye siku fupi kuliko zote za Desemba, jua linachomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi, na saa tisa alasiri haijafika limeshazama. Saa sita hivi za mchana, basi. Na hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 7 hivi juu ya upeo, kwa hiyo jengo la jirani au msitu mdogo tu unatosha kulificha kutwa nzima.

Wakulima wa vitalu hupima mwanga wa siku kwa moli (kipimo cha wingi wa chembe za mwanga) kwa kila mita ya mraba. Dar es Salaam, siku ya jua la kawaida hupita moli 30. Stockholm mwezi Desemba mara nyingi hazifiki 3, na hapo tunazungumzia nje, uwanjani. Ukiingia ndani, kioo kinapunguza, fremu inapunguza, pazia linapunguza. Kinachobaki kwenye jani ni moli moja au mbili, tena kama dirisha linatazama kusini. Yungiyungi linataka kama 8 hadi 12 ili lichanue kwa nguvu. Shida ni kwamba macho yetu hayaioni tofauti hii kwa sababu mboni hujifungua yenyewe kukiwa na giza. Sebule inaonekana ina mwanga wa kutosha kusoma gazeti, kumbe kwa mmea ni jioni isiyoisha.

Ya jamii ya Asia ndiyo yanayoumia zaidi. Mwanga ukipungua wakati vitumba bado vidogo, vya urefu wa sentimita moja mpaka tatu, mmea unavitelekeza. Visogelee uvitazame: kitumba kinapoteza ukijani, kinakuwa cheupe cheupe, na pale kikonyo kinaposhikana na shina panajibana na kuwa pembamba. Ukikigusa kwa kidole kinaanguka. Kikifika hapo hakuna mbolea ya kukirudisha. Ya jamii ya Mashariki yanavumilia zaidi, kwa hiyo kama hutaki kununua taa, anza na hayo, na uyapande mwishoni mwa Januari ili vitumba vije jua likiwa limesharudi.

Anayetaka maua katikati ya baridi anunue taa. Taa nyeupe ya LED inatosha. Kwa eneo la sentimita 50 kwa 50 tafuta wati 30 hadi 40 za kweli, yaani zile taa inazokula kutoka kwenye umeme, si zile zinazoandikwa kwenye boksi kwamba "ni sawa na wati 300". Hesabu yake iko hivi: taa ikifikisha maikromoli 200 (maikromoli ni sehemu moja ya milioni ya moli) kwa kila mita ya mraba kwa sekunde pale kwenye majani, ukaiacha iwake saa 14, mmea unapata moli 10 kwa siku. Huna kipimo? Programu ya simu inayopima laksi, yaani mwangaza kama macho yanavyouona, itakusogeza karibu na ukweli. Kwa taa nyeupe za LED, laksi 70 ni kama maikromoli moja, basi lenga laksi 14,000 hivi juu ya mmea. Weka simu pale pale lilipo jani, usipime katikati ya chumba.

Taa ikae kama sentimita 30 juu ya ncha, na uwe unaipandisha kadiri shina linavyokua. Tumia taima, saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, ili usitegemee kumbukumbu. Wati 40 kwa saa 14 ni kama nusu yuniti kwa siku, yuniti 17 kwa mwezi. Linganisheni na bei ya shada moja la mayungiyungi dukani mwezi Januari, mtaona.

Joto, kwa kifupi

Urefu wa shina hautokani na giza peke yake. Mwaka wa 1989 John Erwin, Royal Heins na Meriam Karlsson wa Chuo Kikuu cha Michigan State walichapisha utafiti wao kuhusu yungiyungi la Pasaka: kinachorefusha shina sana ni ile tofauti kati ya joto la mchana na la usiku. Mchana ukiwa na joto kuliko usiku, shina linarefuka. Vikilingana au usiku ukizidi, linabaki fupi na imara. Sasa fikirieni dirisha la nyumba zetu za huku: mchana hita inawaka chini yake, usiku inapunguzwa na kioo kinakuwa cha baridi. Hiyo ndiyo hali inayorefusha kuliko zote. Ondoa chungu juu ya hita, kiweke mahali penye nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi usiku na mchana.

Mbolea

Tunguu limebeba akiba yake. Wiki tatu za mwanzo usitie kitu zaidi ya maji, kwa sababu hata ukitia hakuna wa kuipokea. Yungiyungi lina mizizi ya aina mbili: ile ya chini ya tunguu, inayolishikilia ardhini, na ile inayochipuka kwenye shina lenyewe, juu ya tunguu, ikiwa bado chini ya udongo. Hii ya pili ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kunyonya maji na madini. Ndiyo maana tunguu hupandwa kina kirefu, likiwa na udongo wa sentimita 10 hadi 15 juu yake. Ukilipanda juu juu, ile mizizi ya shina inakosa pa kukaa, na hapo mbolea yoyote utakayoileta inapita tu.

Shina likifika sentimita 15 hivi, anza. Mimi napendelea nitrati ya kalsiamu, ile ya 15.5-0-0 (naitrojeni asilimia 15.5, haina fosforasi wala potasiamu), gramu 0.6 hivi kwa lita moja ya maji, mara moja kwa wiki. Hiyo inakupa kama miligramu 100 za naitrojeni kwa lita. Vitumba vikionekana, pishanisha: wiki hii nitrati ya kalsiamu, wiki ijayo nitrati ya potasiamu kwa kiwango cha chini vilevile. Vitalu vya biashara hufika miligramu 200, lakini wao wana mwanga wa kuitumia. Wewe usiye na taa kaa kwenye nusu ya kile nilichosema, mara moja kwa wiki mbili, na usione kama unalinyima ua lako.

Kila unapomwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yale ya kwenye kisahani. Chumvi inatoka kwa njia hiyo tu. Ukiona utando mweupe ukingoni mwa chungu na ncha za majani zinakuwa kahawia, wiki hiyo ni maji matupu.

Karibuni kwa maswali.

#2 Kibo Kaskazini (Tampere)

Mkuu, uzi umekuja kwa wakati wake. Kule nyumbani nilizoea Urea na CAN. Nilileta mfuko mdogo wa Urea nikajua mwaka mzima nimemaliza. Siwezi kuitumia hiyo hiyo nikaipunguza?

Halafu taa: nimeona za zambarau madukani, muuzaji anasema ndizo za mimea. Nichukue ipi?

#3 Bustani ya Dirishani

@Kibo Kaskazini, Urea iache kwa ajili ya bustani ya nje kiangazi. Kwenye udongo, Urea inageuka kwanza kuwa amonia, na amonia inahitaji vijidudu vya udongo viigeuze kuwa nitrati. Vijidudu hivyo vinazubaa udongo ukiwa wa baridi, na udongo wa chungu kilichokaa kwenye dirisha la Tampere mwezi Januari ni wa baridi kweli. Amonia inakaa pale na kuudhuru mzizi. CAN nayo, nusu ya naitrojeni yake ni amonia. Tafuta mbolea ambayo sehemu kubwa ya naitrojeni yake ni nitrati, imeandikwa nyuma ya pakiti.

Taa za zambarau zinafanya kazi, sikatai. Lakini chukua nyeupe. Chini ya mwanga wa zambarau huwezi kuona jani likianza kuwa manjano wala kitumba kikianza kupauka, na hizo ndizo dalili zenyewe tunazozitafuta. Epuka pia zile taa za zamani za nyuzi, zina mwingi ule mwanga mwekundu ambao macho yetu karibu hayauoni, na huo unarefusha shina.

#4 Mjukuu wa Lushoto

Dada, nakusoma kwa makini ila hapa naomba kutofautiana kidogo. Bibi yangu kule Lushoto ana mayungiyungi meupe nyuma ya nyumba miaka nenda rudi. Samadi ya ng'ombe tu, hajui moli wala maikromoli, na Pasaka wanakuja kuomba maua ya kanisani kwake. Mbona kwake mbolea ndiyo inayofanya kazi? Akikosa samadi mwaka mmoja maua yanakuwa machache, anasema mwenyewe.

#5 Bustani ya Dirishani

Mjukuu wa Lushoto, mpe bibi shikamoo yangu. Wala hatutofautiani. Lushoto mwanga upo mwaka mzima, kama saa 12 kwa siku na jua linapita karibu na utosi. Kwa bibi kitu kilichopungua ni madini, kwa hiyo akiongeza samadi anaziba pengo lililopo na ua linaitikia. Huku pengo liko kwenye mwanga. Chukua samadi ileile uilete kwenye chungu dirishani Stockholm, utapata shina refu laini lenye majani ya kijani kibichi sana na lisilo na kitumba kinachofika mwisho. Naitrojeni nyingi kwenye mwanga mdogo inafanya hivyo. Na nzi wadogo wa udongo utawapata juu yake.

#6 Binti Naivasha

Naomba nichangie. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye mashamba ya maua huku Naivasha, na watu wengi hushangaa wakipita usiku kuona shamba zima linawaka taa. Siku zetu hapa karibu na ikweta ni saa 12 basi, na kuna maua, haiperikamu kwa mfano, yanayodai siku ndefu ndiyo yatoe maua. Kwa hiyo taa zinawashwa usiku. Zile taa hazina nguvu ya kulisha mmea hata kidogo, ni hafifu. Kazi yake ni kuudanganya mmea kwamba siku ni ndefu.

Nauliza: je, yungiyungi nalo lina tabia hiyo, au taa yako kazi yake ni kulisha tu?

#7 Bustani ya Dirishani

Binti Naivasha, umegusa jambo ambalo lilistahili kuwa kwenye bandiko la kwanza. Taa ina kazi mbili: kulisha na kutoa ishara. Nilizungumzia kulisha. Kwa ya Asia na ya Mashariki yaliyonunuliwa wakati wa baridi, kulisha ndiko kunakohitajika, kwa sababu matunguu hayo yamekaa kwenye baridi ya kutosha kwa muuzaji. Uholanzi huyagandisha kwa nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri, ndiyo maana unaweza kuyanunua na kuyapanda mwezi wowote.

Lakini lile la Pasaka linasikiliza ishara sana. Nilikuwa nasubiri mtu wa Marekani aulize.

#8 Mama Amani (Minneapolis)

Mimi hapa! Kila Pasaka kanisani kwetu tunapeana yale meupe. La mwaka jana sikulitupa, lilinyauka nikaliacha kwenye chungu, kiangazi likakaa nje, sasa nimelirudisha ndani. Nataka lichanue Pasaka hii. Jirani aliniambia lazima niliweke kwenye baridi. Ni kweli? Na baridi kiasi gani, maana huku nje ni baridi ya kuua.

#9 Bustani ya Dirishani

Ni kweli, Mama Amani. Linataka kama wiki sita, saa 1,000 hivi, kwenye nyuzi 4 hadi 7, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Nje ya Minneapolis litaganda, usithubutu. Kona ya baridi ya chumba cha chini ya nyumba inafaa, au friji, ila kwenye friji matunda yasikae humo. Nitaeleza sababu chini, kuna mtu atauliza tu.

Sasa, kama muda umekubana na ukashindwa kumaliza wiki zote sita, hapa ndipo ile taa ya Binti Naivasha inapoingia. Wakulima wa Marekani wanaijua vizuri. Mmea ukishachomoza, wanauwashia mwanga hafifu katikati ya usiku, saa nne usiku mpaka saa nane usiku, laksi 100 tu zinatosha, sawa na taa ya kawaida ya mezani. Kila wiki moja ya taa hiyo inafidia wiki moja ya baridi iliyopungua. Umekosa wiki mbili za baridi, unawasha wiki mbili, kisha unaacha. Mchana bado linahitaji ile taa ya kulisha, hizo ni kazi mbili tofauti.

Kuhusu mbolea, lina jambo lake la pekee: usilipe supafosfeti, ile mbolea ya fosfeti. Supafosfeti huwa na floraidi, na yungiyungi la Pasaka likipata floraidi ncha za majani zinaungua, alama ya nusu mwezi ya rangi ya kahawia. Chokaa kidogo kwenye udongo, pH (kipimo cha uchachu) ifike 6.5 hadi 7, inaizuia floraidi isinyonywe. Haya ya Mashariki ni kinyume chake, yanataka udongo wenye uchachu zaidi, 5.5 hadi 6.5. Usiyachanganye kwenye chungu kimoja.

Na ujue kwamba karibu matunguu yote ya Pasaka yanayouzwa Marekani na Kanada hutoka kwenye ukanda mmoja mwembamba wa pwani, mpakani mwa California na Oregon, ingawa asili ya ua lenyewe ni visiwa vya Japani ya kusini na Taiwan. Limetembea kweli.

#10 Mdau wa Toronto

Mkuu mimi nina taa, tena nzuri, nimepima laksi 15,000. Star Gazer imekuja na shina nene. Ila majani ya juu kabisa, yale yaliyojikunja kuzunguka vitumba, yana madoa na mengine yamegeuka kahawia pembezoni na kujipinda. Ya chini yote mazima. Nimefikiri ni njaa, nimeongeza mbolea ya NPK, hali ikawa mbaya zaidi. Chumba nakifunga, nina mashine ya kuongeza unyevu maana hewa ya hita inakausha ngozi.

#11 Bustani ya Dirishani

Mdau, zima hiyo mashine ya unyevu upande wa mimea na uwashe feni ndogo. Nitakueleza kwa nini.

Hilo tatizo linajulikana sana kwenye Star Gazer. Yao-Chien Chang na William Miller wa Chuo Kikuu cha Cornell walilichunguza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuonyesha kwamba ni upungufu wa kalsiamu kwenye majani machanga. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea ikibebwa na maji tu, na maji hupanda jani linapopumua mvuke. Majani machanga yaliyojikunja pamoja hayapumui, hewa kati yake imejaa unyevu, basi kalsiamu inaishia kwenye majani makubwa ya chini. Udongo unaweza kuwa na kalsiamu tele na jani la juu likafa kwa kuikosa. Na ikishakaa kwenye jani la chini haihami tena kwenda juu.

Kwa hiyo NPK haikukusaidia, na potasiamu nyingi hushindana na kalsiamu kwenye mizizi. Fanya hivi: feni ipulize taratibu kwenye ncha za mimea mchana kutwa, majani yaliyojikunja yafungue polepole kwa vidole hewa iingie, na rudi kwenye nitrati ya kalsiamu peke yake mpaka vitumba vijitokeze nje ya majani. Usiiyeyushe pamoja na mbolea yenye salfeti au fosfeti kwenye mchanganyiko mzito, vinagandana na kuwa mashapo chini ya ndoo. Majani yaliyokwisha kuungua hayatapona, lakini maua bado unayo. Matunguu makubwa ndiyo yanayopata shida hii zaidi, kwa hiyo mwakani chagua ya ukubwa wa kati.

#12 Kibo Kaskazini

Hii ya kalsiamu sikuwahi kuisikia popote. Nimenakili.

#13 Zuhura wa Leicester

Assalaam alaikum nyote. Dada, vitumba vyangu vinaanguka, lakini si kama ulivyoeleza. Havipauki kwanza. Vimefika vikubwa, karibu kufunguka, vya kijani kabisa, vinaanguka ghafla kwa pamoja. Taa ninayo, joto sawa, mbolea nafuata kama yako. Viko jikoni, ndiko kwenye nafasi.

#14 Bustani ya Dirishani

Waalaikum salaam, dada Zuhura. Jikoni unaweka wapi ndizi mbivu na matufaha?

#15 Zuhura wa Leicester

Kwenye kikapu, pembeni hapo hapo. Na sasa nina mkungu mzima wa ndizi, nimeletewa na shemeji.

#16 Bustani ya Dirishani

Ni hizo ndizi, dada yangu. Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na kitumba cha yungiyungi kikiivuta kinajiangusha au kinanyauka bila kufunguka. Nyumba za huku zimefungwa madirisha wakati wa baridi, gesi haina pa kutokea. Ndiyo sababu nilimwambia Mama Amani asiweke tunguu kwenye friji na matunda. Hamisha ndizi, au hamisha maua yaende sebuleni, na ufungue dirisha dakika kumi kila asubuhi upepo usipoyapiga moja kwa moja. Vilivyobaki vitafunguka. Jiko la gesi linalowaka vibaya nalo hutoa ethilini, litazame.

#17 Mama Amani

Ndugu zangu, kabla hatujaendelea: mwenye paka ndani ya nyumba asipande maua haya. Binti yangu anafanya kazi kwa daktari wa mifugo na amenisisitizia niandike. Jani, petali, chavua iliyodondokea manyoya paka akajilamba, hata maji ya chombo cha maua, vyote vinaharibu figo za paka na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Akionekana ametafuna, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asisubiriwe aanze kuumwa.

#18 Bustani ya Dirishani

Asante sana Mama Amani, ni kweli tupu na ilitakiwa iwe juu kabisa. Haihusu aina moja, ni mayungiyungi yote haya niliyoyataja. Kukata vifuko vya chavua kunaokoa nguo zisichafuke, hakumwokoi paka. Mwenye paka apande kitu kingine.

#19 Mjukuu wa Lushoto

Dada nimekuelewa kuhusu bibi. La mwisho: yakishachanua tunatupa? Nimeona watu wanatupa.

#20 Bustani ya Dirishani

Usitupe. Ua likinyauka, likate lenyewe na kile kichwa cha mbegu, shina na majani yote yaache. Sasa ndipo tunguu linaanza kujaza akiba upya, kwa hiyo taa iendelee saa zilezile na mbolea iendelee, hapa potasiamu ndiyo iongezwe kuliko naitrojeni. Wengi huzima taa ua likishakwisha, na tunguu linabaki dogo na jepesi.

Mwezi Mei, baridi ya kugandisha ikishapita, toa chungu nje kivulini kwanza, baada ya wiki moja kwenye jua. Mwenye bustani alihamishie ardhini, kina kilekile. Majani yakishageuka manjano yenyewe acha kutia mbolea, punguza maji, kata shina. Tunguu hilo usililazimishe tena kuchanua baridi inayofuata. Liache lichanue kiangazi kwa wakati wake, na kwa ajili ya dirishani nunua mengine mapya.

Nitaweka picha za vitumba vilivyopauka na vya Star Gazer vilivyoungua kwenye bandiko linalofuata, ili kila mtu alinganishe na vyake. Kwenye kuuliza, naomba mtaje vitu vitatu: dirisha linatazama upande gani, laksi ngapi kwenye jani, na mara ya mwisho kutia mbolea lini.